Meshi, Mila na Nywele Zinazokataa Kuota

Tuseme wazi bila kuzunguka. Katika miji yetu, tangu Lubumbashi mpaka Likasi na Kolwezi, iko wasichana wa miaka ishirini ambao pembeni ya kipaji chao ngozi imebaki wazi sawa kiganja cha mkono. Si wazee, si wagonjwa. Wamesukwa tu: meshi juu ya meshi, mwaka kisha mwaka, bila kichwa kupumzika. Ukiuliza, unajibiwa: "Ni mila yetu, mwanamke wa Kiafrika anasuka." Sisi tunasema kusuka ni mila, lakini kung'oa nywele si mila.

Kwanza tuwajibu wale wanaodai meshi ni ushenzi wa wageni na zingekatazwa zote. Hao wanasahau historia yao wenyewe. Huko Isiro, katika Haut-Uele, wanawake wa Kimangbetu walizungusha nywele zao kwenye kiunzi cha vijiti, mpaka kichwa kikaonekana kirefu na kufunguka huko juu sawa kitunga. Na hapa kwetu Katanga, mafundi wa Kiluba walichonga vigogo vya kulalia vyenye sanamu za wanawake ambao nywele zao zimepangwa ngazi kwa ngazi, sawa maporomoko ya maji. Kupamba kichwa kwa kazi ya siku nzima hakukuanza na meshi za plastiki. Tena amri tulishaiona: miaka ya 1970, wakati wa Authenticité, serikali ya Zaire ilikataza wanawake perike na patalo. Zaire ilikwisha 1997, na perike ziko sokoni. Amri haimfundishi mtu kutunza kichwa chake.

Sasa tuwageukie wanaojificha nyuma ya mila. Kile kigogo cha Kiluba kilichongwa juu ya nini? Kilishika shingo usiku, ili kazi ya msukaji isiharibike. Ni kusema, watu wale walifikiri hata namna kichwa kitakavyolala. Sisi tumechukua urembo, matunzo tumeyaacha njiani. Hatusemi kwamba bankambo hawakupoteza nywele kamwe. Uzi nao ukikazwa unavuta. Tunasema tu: anayeita jambo mila, alichukue lote, pamoja na kazi yake ya kutunza.

Wanawake wengi wanaogopa makasi kuliko meshi. Ni kinyume. Katika makabila yetu mengi mjane ananyolewa kichwa chote, na kisha miezi michache kila mtu anaona nywele zimerudi. Juu ya nini? Wembe unakata juu ya ngozi, mzizi haukuguswa. Lakini meshi nzito iliyokazwa inavuta mzizi wenyewe, mchana na usiku, wiki sita, nane, hata kumi. Mzizi unaumia, unatoa unywele mwembamba, kisha hautoi kitu. Ukivutwa hivyo miaka mingi, mahali pake panabaki kovu. Na tusidhani ni ugonjwa wa Waafrika ao wa plastiki: mwanzoni mwa karne ya 20, waganga waliandika juu ya upara huu huu kwa wanawake wa Greenland, waliokuwa wakifunga nywele kwa nguvu juu ya kichwa. Kule hakukuwa meshi. Ni kuvuta ndiko kunakoua.

Basi ile maneno ya kila siku, "Funga meno, mama, unataka kupendeza ao hapana?", ni uongo unaotugharimu. Maumivu ni kichwa kinachoomba msaada. Mtu akisukwa, akashindwa kulala usiku ule, akaona vipele vidogo kwenye mstari wa mbele, ile haiko "meshi mpya inazoea". Ni mizizi inayovutwa, na dawa yake ni kufumua siku ile ile, hata kama falanga zimekwisha kutoka. Kidonge cha kutuliza maumivu kinanyamazisha kichwa tu, kuvuta kunaendelea.

Mbaya zaidi ni aibu. Msichana akiona pembeni pamekuwa wazi, anakimbilia meshi nyingine, ndefu zaidi, ya kufunika. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Hapa kinachokufa ni mzizi, na kile kifuniko ndicho kinachoumaliza.

Je, nywele zinaweza kurudi? Ndiyo, ukiwahi. Zinaota karibu sentimita moja kwa mwezi, si zaidi sana, kwa hiyo anayeahidi nywele za bega kwa wiki mbili ni mwizi. Mafuta ya nyonyo na ya nazi yanalainisha nywele zilizopo zisikatike, kovu hayalifufui. Kinachosaidia ni kupumzisha kichwa miezi mingi: nywele zako mwenyewe, zimefungwa bila kukazwa, ngozi inaoshwa, hakuna defrizan wala moto. Siku ya kufumua usiogope lile fungu linalobaki mkononi. Kwa kawaida mtu anapoteza nywele 50 mpaka 100 kwa siku, na zile za wiki sita zilishikwa ndani ya meshi. Hesabu, ni zaidi ya 2,000. Lakini kama kisha miezi sita pembeni hapajaota kitu, ao ngozi imekuwa laini na kung'aa, nenda kwa daktari wa ngozi. Usingoje hata hiyo miezi sita kama kichwa kinawasha, kinatoa usaha, ao nywele zinatoka kwa mabaka: kuzaa, upungufu wa damu na choa navyo vinaangusha nywele, na kila kimoja kina dawa ao njia yake.

Hatuwashitaki mama wasukaji. Wengi wanalisha nyumba na kulipa masomo kwa vidole vyao, na mara nyingi ni mteja mwenyewe anayesema: "Kaza muzuri, ikawie." Msukaji akilegeza, mteja anahama kwa jirani. Kwa hiyo lawama ni ya wote wawili, na dawa vilevile.

Tunaomba mambo matatu. Msukaji akisikia "inauma", alegeze pale pale. Anayesuka bila kuumiza astahili falanga zaidi, si kidogo. Mteja asibebe meshi kupita wiki sita mpaka nane, na baada ya kufumua akipe kichwa wiki kadhaa za bure. Na watoto wadogo tuwaondolee meshi kabisa, maana mtoto wa miaka minne anayelia mbele ya msukaji hana urembo wowote anaotafuta; anabeba wetu.

Tuanze na vakansi kubwa zinazokuja, Julai na Agosti. Masomo yamefungwa, hakuna sherehe ya kila siku. Kila mama amwache binti yake miezi hiyo miwili na nywele zake mwenyewe, na yeye mama afanye vilevile. Septemba tutaangalia pembeni ya vipaji, na tutajua ni nani alikuwa akitetea mila, na ni nani alikuwa akitetea meshi tu.