Coaster ya Mapenzi Imependeza, Ila Tangi la Choo Linamwagwa Wapi?

Wadau wa mitandao wanaijua ile Coaster. Imegeuzwa chumba na jiko, pazia jeupe, taa za njano, na wapenzi wawili wenye jina lao Bongo wakinywa chai ya Tukuyu ndani ya masweta yanayofanana. Ziwa Ngosi wamepanda, Daraja la Mungu wamepiga picha, Kijungu wamecheza. Mashabiki wakamwaga makopakopa. Choo hakuna aliyekiuliza.

Mpaka kijana mmoja wa bodaboda aliporusha kipande cha sekunde chache: gari limepaki kando ya migomba, mpira umechomoza chini yake, unamwaga mtaroni. Timu yao ikaja juu: "Hayo ni maji ya kuoga tu, acheni wivu!" Haya. Gari la namna hiyo kwa kawaida lina matangi mawili, moja la choo na jingine la maji ya sabuni, na ya sabuni hayatoki mazito vile. Na hata yangekuwa ya kuoga, mtaro wa Rungwe si wa kuchezea.

Huku mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Kilichomwagwa asubuhi, jioni kipo mtoni, na wapo wanaochota vijitoni na kwenye chemchemi hizo hizo. Mto Kiwira unaopita chini ya Daraja la Mungu unaishia Ziwa Nyasa, kule Kyela, wilaya iliyouguza kipindupindu zaidi ya mara moja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kuhatarisha maji zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Kwa Rungwe, ukitembea mita 60 kukimbia kijito kimoja unaweza kujikuta umekanyaga kingine.

Utetezi wenye mashiko ni mmoja tu: wamwage wapi? Ni kweli hakuna kituo cha magari kama hayo. Lakini gesti zipo, zina makaro, na mwenye gesti akiombwa vizuri na kulipwa, wengi hawatakataa. Ikishindikana, Mbeya mjini ni kilomita kama 70 na kuna mfumo wa majitaka. Waliomudu kununua Coaster nzima hawashindwi na hilo.

Kazi yenyewe wala si ngumu. Tangi la choo huwekwa maji kidogo kabla ya kutumika, na koki hufungwa mpaka lianze kujaa. Ikiachwa wazi muda wote, maji hutangulia na kinyesi hubaki chini kikikauka kama kichuguu. Siku ya kumwaga kinaanza choo, kisha maji ya sabuni yanafuata kusuuza mpira. Pampasi, pedi na vitambaa vya kujifutia, hata vile vinavyodaiwa vinayeyuka, vinakwenda kwenye mfuko wa taka. Harufu ikizidi, wengi hukimbilia Jiki, na hapo ndipo wanapoharibu: Jiki nyingi inaua bakteria wanaomeng'enya uchafu, halafu karo la watu linajaa kabla ya wakati wake. Tangi lililonuka linahitaji maji mengi na kusuuzwa tena na tena.

Sasa hiyo ndiyo video ambayo haijarushwa. Serikali ilipokuja na kampeni ya Nyumba ni Choo iliwatumia wasanii, kwa kuwa raia wanawasikiliza kuliko bwana afya. Wawili hawa wana wafuasi wa kutosha kulibadilisha jambo hili kwa dakika moja ya simu: glovu mkononi, koki, mpira ndani ya karo, basi. Haitapendeza kama ile ya masweta, lakini yule mama wa ndoo anayepita chini ya barabara ile naye ana familia ya kunywesha.

Wametangaza safari inayofuata ni Matema, ufukweni kabisa. Tangi litakuwa limejaa tena wakifika.