Mwandishi Kwanza, Jalada Baadaye

Toleo hili tumelitoa kwa msomaji ambaye walimu wamezoea kumkemea: yule anayesoma riwaya za mapenzi, anayezikusanya kwenye sanduku chini ya kitanda, na anayejua ni kitabu gani kiko kwa nani na kilitoka lini. Sisi tunamheshimu. Katika mji wetu huu, yeye ndiye ameunda maktaba pale ambapo hapakuwa na mwingine wa kuiunda.

Kamina ni mji wa reli, na vitabu vyetu vimefuata reli. Njia iliyotoka Katanga ya kusini ilifika Ilebo mwaka 1928 ikipitia hapa, na tawi la kwenda Kabalo likafunguliwa mwaka 1956. Riwaya husafiri ndani ya mizigo ya watu watokao Lubumbashi, ikiwa imeshasomwa na watu kadhaa, jalada limelegea, kurasa za mwisho pengine zimechanika. Kupoteza kurasa za mwisho za riwaya ya mapenzi ni msiba, na kila msomaji anajua hivyo. Ndipo huanza kuulizana: nani anayo nakala nzima? Riwaya mbili za mfululizo wa Harlequin hubadilishwa kwa moja ya Mfaransa Guy des Cars, jina la mwenye kitabu huandikwa ndani kwa kalamu, na deni la kitabu hukumbukwa kuliko deni la franka.

Lakini kuna jambo linalotusumbua, nalo ndilo lililotufanya tuandae toleo hili. Muulize msomaji huyo kitabu kilichomliza kiliandikwa na nani. Mara nyingi atakutajia rangi ya jalada au jina la mfululizo. Si kosa lake. Biashara yenyewe imemfundisha hivyo. Harlequin, iliyoanzishwa Kanada mwaka 1949, iliuza mfululizo kabla ya kumuuza mwandishi: vitabu vipya kila mwezi, vya zamani vinaondolewa, kinachobaki ni chapa. Hata kabla yake, Wafaransa walimsoma Delly kwa miaka mingi bila kujua kwamba jina hilo lilificha watu wawili, kaka na dada yake.

Mwaka 1998 Nouvelles Éditions Ivoiriennes ya Abidjan ilianzisha mfululizo wa Adoras, na wasomaji wa Afrika wakapata kitu walichokuwa wamenyimwa: wapenzi wenye majina yetu, mashangazi wanaoingilia posa, mahari, joto la miji yetu. Tunaushukuru mfululizo huo kwa moyo wote. Hata hivyo, huko nako baadhi ya waandishi walijificha nyuma ya majina ya kubuni, na msomaji akabaki na neno moja tu la kuulizia, Adoras.

Asiye na jina la mwandishi hawezi kutafuta. Anangoja bahati imletee. Mwenye jina anaweza kumwagiza dereva, kumwandikia shemeji aliye Lubumbashi, kumsumbua muuzaji mpaka alete. Mwandishi Mkongo Zamenga Batukezanga alipata wasomaji wake kwa njia hiyo. Wasomi walidharau Kifaransa chake chepesi, lakini watu waliingia dukani wakiomba Zamenga, na tangu afariki mwaka 2000 bado wanamwomba.

Jina pia hufungua mlango wa upande wa pili, na hapa nasema kwa uchungu. Reli ya Kabalo inaendelea hadi Kalemie. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kuna Kigoma, na kutoka Kigoma treni huenda Dar es Salaam. Katika njia hiyo hiyo ingeweza kutufikia *Vuta n'kuvute* ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, yenye mapenzi ya Yasmin na Denge katika Zanzibar ya wakoloni. Ingeweza kuja *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971, na *Mali ya Maskini* ya Zainab Burhani. Sisi tunaobembelezana na kugombana kwa Kiswahili, kwa nini tupendane vitabuni kwa Kifaransa peke yake?

Nitaambiwa Kiswahili cha Katanga si cha Unguja. Ni kweli. Lakini binti aliyejifunza Kifaransa cha Guy des Cars kwa kukisia nusu ya maneno hatashindwa na Kiswahili cha Shafi. Tena, atakayezoea kusoma mapenzi kwa Kiswahili ndiye siku moja atakayeyaandika kwa Kiswahili chetu wenyewe. Kano, kaskazini mwa Nijeria, wanawake kama Balaraba Ramat Yakubu waliandika mapenzi kwa Kihausa, vitabu vyao vikauzwa sokoni, na wanawake wenzao wakavinunua. Hawakusubiri Lagos wala London.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujafungua kurasa zinazofuata, chukua daftari. Kwa kila riwaya iliyo sandukuni mwako, andika jina la mwandishi, jina la kitabu, na mahali kilipochapwa. Kama jalada limepotea, muulize uliyempa au aliyekupa. Kisha tuletee orodha yako: tutachapa majina hayo katika toleo lijalo, ili anayemtafuta mwandishi fulani ajue kwamba Kamina yupo mtu mwenye kitabu chake.