Msanii Mwenye Ulemavu Apewe Studio, Si Mkopo

Billy Benn Perrurle alikuwa akifanya kazi katika karakana ya bati mjini Alice Springs, katikati ya Australia. Karakana hiyo ilikuwa ya kituo cha watu wenye ulemavu. Mzee huyo alikuwa na tabia ya kuokota vipande vya mbao vilivyobaki na kuvipaka rangi. Alichora vilima vya Harts Range, nchi ya watu wake Waalyawarr, ambako hakuwa ameishi kwa miongo kadhaa. Vilima vyote alikuwa navyo kichwani. Badala ya kuamriwa arudi kwenye bati, akapewa rangi na nafasi. Hapo ndipo ilipoanzia Bindi Mwerre Anthurre, studio ya wasanii Waaborijini wenye ulemavu, na Benn alipofariki mwaka 2012 alikuwa mchoraji mwenye jina.

Mimi ni mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu hapa Iringa. Kuna kijana niliyemfundisha, haongei sana, anayechora kwa mkaa juu ya karatasi za mifuko ya saruji. Huchora malori yakipanda mlima Kitonga, kila mara kwa nyuma: turubai, kamba, matope juu ya namba ya gari. Hakuna fundo la kamba analoliruka. Mama yake huzikunja karatasi hizo na kuziweka chini ya godoro. Aliniuliza, “Mwalimu, haya malori yatamlisha mwanangu?”

Ana haki ya kuuliza. Jibu tulilozoea kumpa mzazi kama yeye ni kwamba ampeleke mtoto akajifunze kushona au kufuma. Sibezi kazi hizo. Neema Crafts, hapa hapa mjini kwetu, ilianza mwaka 2003 na vijana viziwi waliotengeneza karatasi kwa mikono, na imewapa ajira na heshima watu ambao wengi walidhani hawawezi kitu. Lakini karakana hutengeneza anachohitaji mteja. Studio humwachia mtu atengeneze kitu ambacho hakuna mteja angejua kukiagiza. Nani angeagiza lori la Kitonga linaloonekana kwa nyuma tu? Nani angeagiza vilima vya Benn?

Katika studio za namna hiyo msaidizi hafundishi kuchora. Anafungua kopo la rangi, anashikilia ubao, anamfuata msanii nyumbani na kumrudisha, anamsomea mkataba neno kwa neno. Brashi haigusi. Tena si mwaliko wa wiki chache, kisha maonyesho na picha na wageni, halafu kila mtu kwake. Adrian Jangala Robertson, msanii mwingine wa Bindi, amechora Yalpirakinu, nchi ya mama yake, tena na tena kwa miaka mingi. Mwaka 2020 alishinda tuzo ya uchoraji katika mashindano makubwa ya taifa ya wasanii wa asili wa Australia. Miaka hiyo yote ilihitaji mtu wa kuilipia. Australia ina mpango wa taifa wa bima ya ulemavu ulioanza mwaka 2013, unaomgharimia mtu huduma na wasaidizi anaowahitaji.

Kwetu halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, na katika hizo 10, 2 ni za watu wenye ulemavu. Ni jambo jema, ila ni mkopo. Hauna riba, lakini marejesho yana tarehe. Mwenye mashine ya kusaga anaweza kuuchukua. Mtu anayehitaji miaka mitano ya kuchora malori kabla mnunuzi wa kwanza hajabisha hodi, mkopo huo utamfunga tu. Naomba nje ya mikopo hiyo liwepo fungu dogo la bajeti la chumba kimoja, mbao, rangi na mshahara wa msaidizi mmoja.

Na picha zikianza kuuzwa, mchoraji alindwe. Johnny Warangkula Tjupurrula, mchoraji wa Papunya huko Australia, aliuza mchoro wake wa mwaka 1972 kwa dola 150 za Australia. Mwaka 1997 mchoro huo uliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 200,000, naye mwenyewe akiwa bado hai na maskini. Australia ilikuja kutunga sheria mwaka 2009: picha ikiuzwa tena kwa dola 1,000 au zaidi, asilimia 5 inakwenda kwa msanii, na baada ya kifo chake kwa warithi wake. Sharti la namna hiyo liandikwe katika mkataba wa studio yetu tangu siku ya kwanza, na mzazi apewe nakala yake.

Nitaipeleka hoja hii kwa diwani wangu kabla bajeti ijayo haijapitishwa. Walimu wenzangu wa vitengo, kila mmoja amfuate wa kata yake, na abebe michoro ya wanafunzi wake mkononi.