Tambi kwa kababu si chakula cha bandia

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu tambi zinazopakuliwa pamoja na kababu na mchuzi wa nyanya. Wako wajuzi wanaodai kwamba chakula hicho si cha Kitaliano hata kidogo, bali ni cha bandia kilichobuniwa Marekani. Juzi mwalimu mwenzangu aliyarudia maneno hayo mbele ya wanafunzi, nami sikuridhika.

Ni kweli kwamba huko Italia kababu, ziitwazo polpette, kwa kawaida huliwa peke yake bila tambi. Lakini katika jimbo la Abruzzo, hasa Teramo, wenyeji hula tambi zenye vikababu vidogo mfano wa punje za dengu. Sasa hiyo "hata kidogo" inatoka wapi?

Zile kababu kubwa nazo zina historia yake. Kati ya mwaka 1880 na 1920 Wataliano wapatao milioni 4 walihamia Marekani, wengi wao wakiwa wakulima maskini wa kusini. Kwao nyama ilikuwa kitu cha sikukuu. Huko New York na miji mingine walifanya kazi za sulubu, lakini ujira wao uliwawezesha kununua nyama mara kwa mara. Basi akina mama wakafinyanga kababu kubwa zaidi, na zikaishia katika sahani moja na tambi. Hawakumdanganya mtu. Waliwalisha watoto wao kile ambacho wazazi wao hawakukimudu.

Isitoshe, hata nyanya asili yake ni Amerika, ikafika Ulaya katika karne ya 16. Nani leo atathubutu kusema mchuzi wa nyanya si wa Kitaliano? Mahindi yetu pia yalitoka huko huko, lakini sijamsikia mtu akiuita ugali chakula cha kigeni.

Kwa maoni yangu, sisi walimu tuwaeleze watoto ukweli wote: hiki ni chakula cha Wataliano waliohamia Marekani. Kukiita cha bandia ni kudharau jasho la watu waliovuka bahari kutafuta riziki. Mtu akihama hubeba chungu chake, lakini hupika kwa kinachopatikana alikofikia.

Je, wasomaji wenzangu mnasemaje?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mpwapwa, Dodoma.