Kadi ya afya ifuate mwanafunzi kule anasomea

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, familia zetu zinafanya hesabu: minervali, nyumba ya kupanga, godoro, tiketi ya gari ama ya ndege. Mtoto wa Butembo anakwenda Kisangani, wa Uvira anakwenda Lubumbashi, wa Bukavu anakwenda Kinshasa. Hesabu inaisha, na hakuna mtu ameuliza: huyu mtoto akigonjwa kule, nani atalipa?

Jibu tunalijua wote. Simu inalia usiku, familia inachanga, pesa inatumwa kwa M-Pesa ama Airtel Money. Wakati huo hospitali inangoja kwanza pesa ya kuweka mbele. Na mgonjwa akipona bila kumaliza faktiri, anazuiliwa mule mule mpaka mtu aje kumkomboa. Nchi nzima inajua hii maneno. Sisi hatutaizoea.

Tukumbuke pia Januari 2025. Vita ilipoingia Goma, mabanki yalifunga milango. Mwanafunzi mwenye wazazi wake wako Goma aliona kwamba njia ya pesa inaweza kukatika siku moja tu. Kadi iliyolipwa mapema haingoji banki ifunguliwe.

Ndiyo maana tunasema: mutuele ama asiransi ya mwanafunzi ichaguliwe kwa kuangalia mji anakosomea, si mji wazazi wanakokaa. Mutuele nyingi za Kivu Kusini zilizaliwa kando ya vituo vya afya vya makanisa. Zinasaidia sana, lakini kadi yake iko na nguvu kwenye hospitali zilizosaini nayo tu. Ukilala Kinshasa na kadi ya Walungu, uko na karatasi mfukoni, basi.

Wandugu, mbele ya kulipa hata dola moja, ulizeni maswali haya:

Kwanza, ni hospitali gani zinapokea hii kadi katika mji wa masomo? Dai orodha iliyoandikwa, halafu piga simu ku hospitali yenyewe. Anayekwenda Bujumbura ama Kampala aulize mara mbili, sababu kadi nyingi za kwetu zinaishia mpakani.

Pili, inaanza kufanya kazi lini? Mutuele nyingi ziko na muda wa kungoja, mara nyingi miezi kadhaa. Si ujanja: kama kila mtu angeingia siku ya kugonjwa, sanduku lingekauka. Basi lipeni mapema, mbele mtoto apande gari.

Tatu, sehemu gani inabaki kwa mgonjwa? Tuseme operesheni ni dola 200 na kadi inalipa 80%. Mwanafunzi atatafuta dola 40. Na kiwango cha mwisho kwa mwaka ni ngapi? Bei ndogo yenye kiwango kidogo inakuacha njiani.

Nne, nini haimo? Malaria na tifoidi mara nyingi zimo. Lakini miwani, meno, kujifungua, sukari, anemia SS? Mwenye ugonjwa wa kudumu aseme mapema na asome karatasi mpaka mstari wa mwisho.

Tano, mzazi akiwa na kadi ya kazi, mtoto anafunikwa mpaka umri gani? Wengi wanatolewa kwenye orodha wakati wako bado ku auditoire, na wanajua hiyo siku wako kitandani.

Lakini maswali ya familia hayatoshi. Vyuo vingi vinakata pesa ya matibabu pamoja na minervali. Hiyo pesa inakwenda wapi? Inalipa hospitali gani, na mpaka wapi? Mwanafunzi aliyelipa ana haki ya kujua. Hatuombi zawadi.

Serikali nayo isijifiche. Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema haki ya afya inahakikishwa. Tangu Februari 2017 kuna sheria juu ya mutuele. Septemba 2023, bima ya afya kwa wote ilianza Kinshasa na kujifungua bure. Ni hatua, tunaikubali. Ila kijana wa miaka 20 mwenye tifoidi, mbali na mama yake, yeye bado anategemea simu ya usiku.

Basi tunadai mambo matatu. Vyuo vibandike ku valve mkataba wa matibabu, hospitali zinazohusika na hesabu ya pesa ya kila mwaka. Mutuele ziungane, ili kadi ya mkoa mmoja ipokelewe katika mkoa mwingine. Na hospitali ziache kufunga wagonjwa kama wafungwa: deni lina njia zake za kulipwa.

Ninyi ma-CP na komite za wanafunzi, anzeni wiki hii. Andikeni barua kwa rekta, wekeni sahihi za promosheni yote, ombeni nakala ya mkataba. Wakiwapa, someni pamoja. Wakikatalia, na hilo pia ni jibu, na tutalisema kwa sauti.

Mwanafunzi anatoka kwao kutafuta diplome. Arudi nayo, akiwa mzima.