Amana ya Msitu Isikae Mkononi mwa Mtu Mmoja

Vita vilipofika Epulu, katika Hifadhi ya Okapi, mtaalamu wa mimea Corneille Ewango aliyavusha makusanyo ya mimea iliyokaushwa hadi Uganda, akazificha kumbukumbu za utafiti, kisha akajificha mwenyewe msituni kwa miezi. Na mwaka 2005 akatunukiwa Tuzo ya Goldman kwa ushujaa huo. Namstahi kwa moyo wangu wote. Lakini kila niitafakaripo habari hiyo, hofu hunishika kwa kuona kwamba sehemu azizi ya maarifa ya nchi hii, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yenye msitu mkubwa kuliko wa nchi nyingine yoyote ya Afrika, ilikuwa imetegemea uhai wa mtu mmoja.

Kwa hiyo nasema kuwa wanaikolojia wa Kongo wanastahili jumuiya ya taifa yenye nguvu, inayoishi kwa ada za wanachama wake, yenye jarida na mkutano wa kila mwaka, isiyokuwa idara ya serikali wala mradi wa wafadhili. Mradi, hata uwe mwema namna gani, huzaliwa na tarehe ya kufa: fedha zikikatika vijana waliofundishwa hutawanyika, na madaftari ya vipimo aghalabu huishia sandukuni mwa mtu au katika maktaba za Ulaya. Waingereza waliunda jumuiya yao mwaka 1913. Na ile ya elimu ya viumbe iliyoasisiwa Nairobi mwaka 1909, ambayo ndani yake ndimo yalimochipuka Makumbusho ya Taifa ya Kenya, imeuzika ukoloni na ingali hai.

Makao ya jumuiya yetu yawe Kisangani. Chuo Kikuu chetu kilianza mwaka 1963. Yangambi, kilomita mia hivi kwa kuteremka mto, pana kituo cha utafiti cha tangu enzi ya Wabelgiji, ghala la mimea lenye vielelezo vipatavyo 150,000, na mnara wa mita 55 unaopima hewa iingiayo na kutoka msituni. Kisangani pia ndipo ulipoanzia, mwaka 2010, msafara mkubwa wa mtoni wa Boyekoli Ebale Congo, uliotufungulia njia ya kupata Kituo cha Uangalizi wa Bioanuwai.

Haja ya jumuiya hiyo ilionekana mwaka 2022: serikali iliponadi vitalu 30 vya mafuta na gesi, baadhi yake vikigusa misitu na ardhi za mboji za Bonde la Kongo, taifa lilihitaji kusikia kutoka kwa wataalamu wake lenyewe nini kingepotea, wapi, na kwa kadiri gani. Mnada wa vitalu vya mafuta ulifutwa mwaka 2024, nami nalishukuru jambo hilo. Lakini minada mingine huja, na mhadhiri anayelipwa na dola, akisema peke yake, ni rahisi kuhesabiwa mkaidi, ilhali neno hilo hilo likitoka katika hati ya jumuiya nzima, pamoja na vipimo vyake, waziri hana budi kulijibu.

Nayo jumuiya hiyo isiwe ya wenye shahada peke yao. Kima aitwaye lesula, ambaye sayansi ilimtambulisha kwa walimwengu mwaka 2012, wawindaji wa upande wa Opala walikwisha kumjua, na jina hilo ni lao. Wavuvi wa Wagenya wanayajua maji ya maporomoko ya hapa Kisangani kwa namna isiyofundishwa darasani. Watu hawa, na mafundi wanaotaja mti kwa kunusa gome lake, waandikwe uanachama kwa ada wanayoiweza, na muhtasari wa jarida utolewe kwa Kiswahili na Kilingala.

Kazi ya kwanza isiwe sherehe. Iwe daftari moja la taifa linaloandika kila kiwanja cha miti kilichopata kupimwa nchini, mwaka wa kipimo, jina la aliyepima, na mahali nakala zilipo, ndani ya nchi na nje, ili nakala hizo zianze kudaiwa.