Kuona Upesi, Kuamua Taratibu

Mnamo Oktoba 1962 ndege za Marekani aina ya RF-8 zilipita chini na kwa kasi kubwa juu ya Kuba, zikipiga picha za makombora ya Kisovieti. Kwa mwendo ule picha ingetoka na ukungu. Kwa hiyo filamu ilisogezwa ndani ya kamera kulingana na mwendo wa taswira ya ardhi iliyoiangukia, nayo picha ikatoka safi. Hata hivyo, picha safi haikuamua lolote. Baadhi ya washauri walitaka mabomu. Rais Kennedy alichagua kuzuia meli za silaha na kutafuta mapatano. Mashine na ione upesi. Kuamua vita kwahitaji dhamiri isiyo na haraka.